Bingwa wa Uzito wa Kati

Kwenye ndondi, uzito si tusi. Bondia wa uzito wa kati hapandi ulingoni huku akiomba radhi kwa kutokuwa wa uzito wa juu. Ana mkanda wake, ana mashabiki wake, na konde lake likikupata utalala chini kama wengine walivyolala. Lakini litoe neno hilo ulingoni, lipeleke kwenye muziki, uone linavyogeuka. Linakuwa njia ya kistaarabu ya kumwambia mtu: umejitahidi, ila si wewe.

Ndicho kilichompata Hank Mobley. Mhakiki Leonard Feather alimwita bingwa wa uzito wa kati wa saksafoni ya tenori, na jina likaganda. (Tenori, kwa sisi tuliopita kwaya, ndiyo ile sauti ya tatu. Na saksafoni ndiyo ala ambayo mashabiki wa dansi huku kwetu wanaiita mdomo wa bata.) Feather alikuwa anaeleza sauti, hakuwa anapanga madaraja. Upande mmoja kulikuwa na wazito, watu kama John Coltrane na Sonny Rollins, wenye sauti inayoingia chumbani kabla ya mwenyewe. Upande wa pili kulikuwa na wepesi kama Stan Getz, ambao sauti yao inapita kama upepo wa jioni. Mobley alikaa katikati. Mwenyewe alieleza kwamba hakutafuta sauti kubwa wala ndogo. Alitafuta sauti ya mviringo.

Kumbe watu walisikia "kati" wakaelewa "wastani". Na wastani, kama ulisoma shule za kwetu, unajua maana yake. Ni ile C ambayo mzazi haisifii na wala haikemei.

Mimi ni mwandishi wa habari, na kazi yetu sisi ni kupima uzito kutwa. Hii habari nzito, ile nyepesi. Hii iende ukurasa wa mbele, ile ijaze nafasi iliyobaki chini ya tangazo. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika taazia, hasa za wasanii, na kuna jambo moja nimeliona mara nyingi mno: mtu akifa, chumba cha habari kinamtafutia neno moja. Mkongwe. Gwiji. Teja. Mlevi. Neno likishapatikana, maisha yote yanakunjwa yaenee humo, na kisichoenea kinakatwa. Ndiyo maana Mobley hanitoki kichwani. Yeye alipewa maneno mawili, "kati" na "teja", na kwa sehemu kubwa ya dunia ndiyo yaliyobaki.

Basi hebu tuanze mwanzo, tumwone mtu kabla ya maneno.

Alizaliwa tarehe 7 Julai 1930 katika mji mdogo wa Eastman, Georgia, kusini mwa Marekani, akakulia Elizabeth, New Jersey, ng'ambo ya maji kutoka New York. Ilikuwa familia ya muziki: mama alipiga piano, bibi alipiga piano, na mjomba wake, Dave Mobley, alipiga ala kadhaa. Alipokuwa na umri wa miaka 16 aliugua akakaa ndani kwa miezi. Bibi ndiye aliyepata wazo: mtoto anunuliwe saksafoni, apate cha kufanya. Nikisoma hapo huwa nacheka kidogo, maana ni bibi kabisa huyo, bibi wa popote. Hakuwa anatengeneza msanii. Alikuwa anatafuta kitu cha kumtuliza mjukuu asizunguke nyumba nzima akinung'unika.

Mjomba naye alimpa funzo ambalo, kwa maoni yangu, linaeleza muziki wote uliokuja baadaye. Alimwambia, kwa ufupi, kwamba ukipiga na mtu anayepiga kwa nguvu, wewe piga taratibu. Na ukiwa na mtu wa mbio, wewe punguza mwendo. Ukitaka kupiga kama yeye, umekwisha.

Sasa ngoja nikupeleke mahali ambapo unaweza kulisikia funzo hilo likifanya kazi. Tarehe 6 Aprili 1957, mpiga saksafoni Johnny Griffin alirekodi albamu ya Blue Note inayoitwa A Blowin' Session. Tenori zilikuwa tatu: Griffin, Coltrane na Mobley. Art Blakey kwenye ngoma, Lee Morgan kwenye tarumbeta. Wimbo wa kwanza, The Way You Look Tonight, unakwenda mbio kama daladala inayowahi abiria wa mwisho. Griffin ana kasi ya kutisha. Coltrane anamwaga noti kama mtu aliyefungulia bomba. Mobley akipata zamu yake, anaingia bila presha. Sentensi zake zina mwanzo na mwisho. Anavuta pumzi mahali mtu anapovuta pumzi. Ukiwa unasikiliza kama unaangalia mashindano ya mbio, utasema huyu wa tatu. Ukiwa unasikiliza kama mtu anayesikiliza maongezi, utagundua kwamba yeye ndiye unayemkumbuka alichosema.

Na hakuwa mtu wa pembeni hata kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa kwenye bendi ya mpiga ngoma Max Roach. Mwaka 1954 akapiga na Dizzy Gillespie. Mwishoni mwa mwaka huohuo akaingia kwenye kundi la Horace Silver, Art Blakey, Kenny Dorham na Doug Watkins, kundi lililokuja kujulikana kama Jazz Messengers. Rekodi walizofanya Novemba 1954 na Februari 1955 ni kati ya nguzo za mtindo unaoitwa hadibopu. Kwa ufupi kabisa: bibopu ya Charlie Parker ilikuwa imeifikisha jazi mahali pa juu sana, pa kasi na hesabu, na vijana hawa weusi wa mijini wakairudisha kanisani na kwenye bluzi bila kutupa hesabu zile. Unaweza kupiga makofi, unaweza kutikisa kichwa, na bado kuna mengi ya kufikiri. Mobley hakuja kwenye hadibopu baada ya nyumba kujengwa. Alikuwepo msingi ulipochimbwa.

Tarehe 7 Februari 1960, akiwa na miaka 29, aliingia studio ya Rudy Van Gelder kule Englewood Cliffs, New Jersey, na watu watatu tu: Wynton Kelly kwenye piano, Paul Chambers kwenye besi, Art Blakey kwenye ngoma. Hakukuwa na tarumbeta ya kusaidiana nayo. Walirekodi nyimbo sita, nne kati yake alizitunga mwenyewe. Albamu ikaitwa Soul Station.

Nilikutana nayo kwa bahati. Nilikuwa nahariri makala usiku, nimemweka Coltrane kwenye simu, albamu ikaisha na mtandao ukaamua wenyewe nini kifuate. Ikaanza Remember. Ni wimbo wa zamani wa Irving Berlin, wa 1925, ambao kwa asili ulikuwa walzi, mwendo wa moja-mbili-tatu. Hawa jamaa wakaufanya wa mapigo manne, ukawa unatembea kama mtu asiye na deni. Niliacha kuhariri. Sikuacha kwa sababu kuna kitu cha kushangaza kilitokea. Hakuna kilichotokea, yaani hapo ndipo penyewe. Hakuna anayepiga kelele, hakuna anayetaka nimwone. Kila noti iko mahali pake, na kila moja inaonekana kama imekuja yenyewe.

Sikiliza This I Dig of You, ambao ni utungo wake. Kiongozi wa albamu ni yeye, lakini anampisha kwanza Kelly apige solo ya piano. Kisha anaingia. Kila mzunguko unapokaribia kwisha, Blakey anavimbisha ngoma yake, ile kuviringisha vijiti kunakopanda kama wimbi, na Mobley anaruka juu ya wimbi hilo kuingia mzunguko mpya kana kwamba walikubaliana jana. Halafu kuna jinsi anavyochelewa. Si kuchelewa kwa kukosea. Anakaa nyuma kidogo ya mdundo, nusu ya nusu ya sekunde, kama mswahili anayejibu salamu: hana haraka, lakini hajakuacha ukingoje. Jaribu kuimba solo hiyo baada ya kuisikia mara tano. Utaweza. Kisha jaribu kubadilisha noti moja iwe nzuri zaidi. Hapo ndipo utakapojua umekutana na nani.

Mwaka uliofuata ukamleta kwenye bendi ya Miles Davis, kiti kilichokuwa cha Coltrane. Hebu fikiria. Unaanza kazi ofisi mpya na kila mteja anauliza, "Yule wa zamani yuko wapi?" Machi 1961 walirekodi Someday My Prince Will Come. Tarehe 20 Machi, wakati wa kurekodi wimbo uliobeba jina la albamu, Coltrane mwenyewe alikuja kama mgeni akapiga solo. Kwa hiyo wimbo ule una tenori mbili: mwenyeji na aliyemtangulia. Mobley anapiga solo fupi, safi, iliyopangika. Baadaye anakuja Coltrane na dari inafunguka. Kwa zaidi ya miaka sitini watu wameutumia wimbo huo kama ushahidi dhidi ya Mobley. Aprili wakarekodi jukwaani kwenye ukumbi wa Blackhawk, San Francisco, na rekodi zilipotoka baadhi ya solo za Mobley zilikuwa zimekatwa. Zilirudishwa baadaye, toleo kamili lilipotoka mwaka 2003. Na Miles, kwenye kitabu cha maisha yake kilichotoka 1989, alisema kupiga na Hank hakukumfurahisha, hakukuamsha ubunifu wake. Mobley alikuwa amekufa miaka mitatu. Hakuweza kujibu.

Lakini angalia kalenda, jambo ambalo sisi waandishi tunapaswa kulifanya kabla ya kuandika chochote. Tarehe 26 Machi 1961, siku 6 tu baada ya siku ile ya Coltrane, Mobley alirudi studio kwa Van Gelder na kurekodi albamu yake mwenyewe, Workout. Alikuwa na Kelly na Chambers, walewale wa bendi ya Miles, Philly Joe Jones kwenye ngoma, na Grant Green kwenye gitaa. Isikilize. Ni muziki wa mtu aliyelala vizuri. Kama kweli alikuwa amevunjwa wiki ile, basi kuvunjika huko hakukufika kwenye mdomo wa saksafoni. Mimi nasikia mtu aliyejua kwamba akitaka kupiga kama Coltrane amekwisha. Mjomba alishamwambia.

Sasa neno la pili.

Heroini iliivamia jazi ya kizazi kile vibaya sana. Charlie Parker alikufa mwaka 1955 akiwa na miaka 34, na nyuma yake kulikuwa na foleni ndefu ya vijana waliodhani siri ya muziki wake ilikuwa kwenye sindano. Mobley aliingia. Alikamatwa, alifungwa, akatoka, akafungwa tena mwaka 1964. Na New York ya wakati huo ilikuwa na utaratibu wake: ili upige kwenye kumbi zinazouza pombe ulihitaji kadi maalumu, na polisi waliweza kukunyima au kukunyang'anya kwa kesi ya dawa za kulevya. Utaratibu huo ulidumu hadi 1967. Yaani mtu anaumwa, dawa yake pekee halali ni kazi, halafu serikali inamnyang'anya kazi ili apone.

Nikifika hapa siwezi kuendelea kama mhakiki tu, kwa sababu neno hili nalijua nyumbani.

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ni fundi seremala. Alijifunza Keko, kwenye zile karakana za vumbi la mbao ambazo nusu ya Dar es Salaam imenunua kitanda. Meza ninayoandikia aliitengeneza yeye, ya mninga, pembe zake amezipiga msasa mpaka zikawa mviringo. Alianza unga akiwa na miaka ishirini na kitu. Sitasimulia yote, mengine si yangu kusimulia. Nitasema tu kwamba nimeona arosto kwa macho, nimeona mama mkubwa akifunga jiko kwa kufuli, na nimeona shughuli za familia ambapo akiingia yeye wanawake wanavuta mikoba yao karibu na miguu. Na wanaofanya hivyo wamekalia viti alivyotengeneza yeye.

Leo yuko kwenye methadoni, tiba ambayo ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 na sasa iko kwenye vituo vingine. Kila siku anaamka, anakwenda kunywa kipimo chake mbele ya muuguzi, kisha anakwenda karakana. Kila siku, Idi na Krismasi. Ni nidhamu ambayo mimi sina. Lakini ukiuliza ukoo wetu kuhusu yeye, jibu ni neno moja, na hilo neno si "fundi".

Kuna siku nilimpelekea Soul Station. Alikuwa anapiga randa, akanisikiliza na sikio moja kwa muda, kisha akazima mashine ya jirani yake.

"Huyu bwana hana papara," akasema.

Nikamwambia huyu naye alikuwa kwenye unga.

Akaniangalia. "Mdogo wangu, mimi nimekwambia hana papara. Hilo lingine nimekuuliza?"

Nimelifikiria sana jibu hilo. Alikuwa anasikiliza kazi ya fundi mwenzake, mimi nikamletea faili la polisi. Na ndivyo tunavyoandika. Sentensi ya kwanza muziki, ya pili sindano, na kuanzia hapo kila noti inasikilizwa kwa kutafuta dalili. Akicheza polepole, tunasema dawa. Akicheza vizuri, tunasema licha ya dawa. Sisemi unga haukuwepo. Ulikuwepo, ulimwibia miaka, ulimwibia afya, na mtu anayeusifia kama chanzo cha sanaa hajawahi kukaa usiku na mtu mwenye arosto. Nasema tu kwamba unga haukuandika This I Dig of You.

Fikiria alichokifanya baada ya kifungo cha 1964. Tarehe 18 Machi 1966 alirekodi A Slice of the Top, albamu ya watu wanane yenye nyimbo ambazo inasemekana nyingi alizitunga akiwa gerezani, bila ala mkononi, na zikapangwa na Duke Pearson. Ina tuba, ina filimbi, ina piano ya McCoy Tyner aliyetoka tu kwa Coltrane. Na ina yufoniamu, ala ambayo ni nadra kuisikia kwenye jazi, inayopulizwa na Kiane Zawadi. Umelisikia jina? Alizaliwa Bernard McKinney. Ni mmoja wa wale wanamuziki weusi wa Marekani waliochagua majina ya Kiafrika miaka ile, na la pili akalichukua kwetu. Kila nikisoma orodha ya wapigaji wa albamu hiyo nasimama hapo, kama mtu aliyeona jamaa wa kijijini kwao kwenye umati wa watu ugenini.

Albamu hiyo ilitoka lini? Mwaka 1979. Miaka 13 ilikaa kwenye rafu. Na haikuwa peke yake. Another Workout ilirekodiwa Desemba 1961, ikatoka 1985. Thinking of Home, ya mwisho aliyoifanyia Blue Note, ilirekodiwa Julai 1970, ikatoka 1980. Blue Note ilimrekodi sana, zaidi ya albamu 20 kama kiongozi, na ni haki kusema kwamba bila Alfred Lion na Francis Wolff, wale wahamiaji wawili kutoka Ujerumani walioijenga kampuni hiyo, pengine tusingekuwa na chochote cha kusikiliza. Lakini kurekodi si kutoa. Mwaka 1973 Mobley alizungumza na John Litweiler wa jarida la Down Beat, na alilalamikia jambo hilo waziwazi: rekodi zake zimelala, watu wanamuuliza mbona hatoi kitu, na waliozishika ni kama wanangoja afe kwanza.

Mtu aliyewahi kuandika makala ikakaa kwenye droo ya mhariri mpaka ikapoteza maana anaielewa sehemu ndogo ya hasira hiyo. Sehemu ndogo tu. Maana kuna ubaya wa ziada kwenye kesi ya Mobley: wakati ule ule wahakiki walipokuwa wakisema amebaki nyuma, hajabadilika, ushahidi wa kubadilika kwake ulikuwa kwenye rafu. Walimhukumu kwa faili ambalo nusu ya kurasa zake zilifichwa kabatini. Kisha hukumu hiyo ikarithiwa na waliofuata, ambao hawakujua hata kwamba kuna kabati.

Mwisho wake ulikuwa mgumu. Mapafu, kitu cha kwanza ambacho mpuliza ala anahitaji, yalimwangusha katikati ya miaka ya 1970, akalazimika kuacha kupiga. Kulikuwa na vipindi hakuwa na mahali pa kukaa. Alijaribu kurudi jukwaani New York kwa siku chache, mwishoni mwa 1985 na mwanzoni mwa 1986, pamoja na mpiga piano Duke Jordan. Tarehe 30 Mei 1986 alikufa kwa nimonia huko Philadelphia. Alikuwa na miaka 55.

Mwaka 2019 kampuni ya Mosaic ilitoa kasha la diski 8, rekodi zake zote za Blue Note kuanzia 1963 hadi 1970, zimepangwa kwa tarehe zilipofanyika badala ya tarehe zilipotoka. Ni jambo dogo, kupanga kwa tarehe. Lakini ukizisikiliza hivyo, yule mtu "aliyebaki nyuma" anapotea kabisa. Unamsikia akiondoka kwenye sauti laini ya 1960, anaweka ukali kidogo, anaandika nyimbo zenye kona zisizotarajiwa, anawaita wapigaji wadogo kwake. Anatembea muda wote. Ni sisi tuliokuwa tumesimama.

Nimejiuliza, kama ningekuwa zamu siku ile ya Mei 1986, taazia yake ningeiandikaje. Nadhani ningeanza hivi: Hank Mobley, mpuliza saksafoni ya tenori na mtunzi aliyekuwepo tangu mwanzo wa Jazz Messengers, amefariki dunia Philadelphia akiwa na umri wa miaka 55. Aya ya pili, tungo zake. Aya ya tatu, Soul Station, na rekodi ambazo bado ziko rafuni, pamoja na swali kwa wanaozishikilia. Unga ungekuwa kwenye aya ya nne. Usingefichwa, maana ni sehemu ya maisha yake na kuna mtu mahali fulani anahitaji kujua kwamba hata fundi hodari anaweza kunaswa. Lakini ungekaa kwenye aya ya nne, na kichwa cha habari kingekuwa na jina lake tu.

Wewe kama hujamsikia, usianze na maisha yake, ingawa mimi nimekulazimisha uanze hapo. Anza na Remember, usiku, kelele zikiwa zimepungua. Kisha This I Dig of You mara mbili. Kisha Workout yote. Ukimaliza, nenda A Slice of the Top ukamtafute Zawadi. Na ukikuta mahali wameandika kwamba alikuwa wa uzito wa kati, usibishane nao. Waulize tu mkanda wa uzito huo anao nani mwingine.